Pampu ya Baiskeli Ndani ya Eda

Eda ina masharti yake, na mimi niliyashika yote. Sikujipaka manukato, sikutia wanja wala hina, sikuvaa nguo ya rangi, na kwa miezi minne na siku kumi sikuvuka uzio wa makuti wa nyumba yetu pale Visiga. Wanaosema kwamba niliivunja eda ya mume wangu bado wapo. Wengine nakutana nao sokoni Mlandizi, wananisalimia huku wameangalia kando, nami nawaitikia kwa sauti ya juu ili wasijifanye hawakusikia. Kosa langu mbele yao ni moja tu. Nikiwa na nguo nyeupe za ujane, nilibadilisha oili ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya kijani, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Tuliinunua mimi na mume wangu mwishoni mwa miaka ya sabini kutoka kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa bara. Nusu ya fedha ilitoka kwenye mshahara wake wa ukarani hapo Kibaha, nusu ilitoka kwenye cherehani yangu na mananasi ya shamba nililoachiwa na baba yangu kule Kisarawe. Dereva nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa mtu wa kalamu. Aliketi kushoto na daftari magotini, mimi nikapambana na usukani kwenye mchanga wa Maneromango, tukapeleka mananasi Dar es Salaam na kurudi na chumvi, sabuni tukijaliwa kuipata, na vitenge vya wateja wangu. Watu walitucheka. Yeye alikuwa anawaambia, "Mwenye gari ni huyu, mimi abiria." Nilimpenda kwa maneno kama hayo.

Alikufa wakati wa masika, kwa maradhi ya figo yaliyomsumbua mwaka mzima. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alifika siku ile ile na kushika mambo yote mkononi, kama ilivyo desturi, na sina neno juu ya hilo. Alisimamia kaburi, akasimamia mchele, akachukua funguo za pikapu ili asombe maji na kuni za matanga. Shemeji alikuwa mmoja wa wale wanaume wanaojua kila kitu kuhusu magari mpaka boneti lifunguliwe.

Siku ya pili ya matanga nilisikia pikapu ikirudi bila mlio. Ilikuwa inasukumwa. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, kichwa nimeinamisha, na sauti ya shemeji ikaingia dirishani vizuri kabisa.

"Injini imekufa. Marehemu hakuwa anaitunza. Gari alikuwa analipanda tu."

Machozi yangu yalikauka hapo hapo. Mume wangu hakuwahi kuigusa injini ile hata kwa kidole. Aliyekuwa anaitunza ni mimi, na shemeji alijua hivyo, lakini kumsingizia maiti ni rahisi kwa sababu maiti hajibu. Nilikasirika, na sitaki kusema uongo kwamba nilikuwa na huzuni peke yake. Uji walioniletea niliurudisha bila kuuonja.

Matanga yalipoanuliwa, shemeji alichukua jeki na sanduku la spana. Alisema anavitunza visije vikaibiwa. Pikapu yenyewe waliiingiza uani, nyuma ya nyumba, funguo wakaziacha ndani yake, ikakaa juu ya matairi yaliyoanza kulegea.

Baada ya arobaini wazee wa ukoo walikaa barazani kuzungumza mirathi. Mimi niliwekwa mlangoni nyuma ya pazia, kwa kuwa shemeji si maharimu wangu na sikutakiwa kuonana naye. Nilikuwa na mabinti wawili na sina mtoto wa kiume, na hilo lilimpa yeye sehemu katika alichokiacha ndugu yake. Nyumba haikuleta ubishi. Ubishi ulikuwa pikapu.

"Ni chuma kibovu," alisema shemeji. "Nikiiuza vipande vipande, kila mtu atapata chake. Ikikaa hapo uani kuku watataga ndani yake."

"Ikiwaka je?" niliuliza nyuma ya pazia.

Palikuwa na kicheko kidogo. Mzee mkubwa wa ukoo, mtu wa haki ila mwenye haraka ya kwenda kula, alikata shauri. Siku ya kutoka eda watakutana tena uani. Ikiwa pikapu itawaka na kutembea, basi ni gari, na mjane ataifanyia kazi alishe watoto wa marehemu. Isipowaka, ni chuma, na kaka mtu ataichukua. Wakasoma fatiha. Shemeji alisema amina kwa nguvu kuliko wote.

Shauri lile lilionekana la haki, lakini hebu litazame vizuri. Mimi sikuruhusiwa kutoka kwenda kwa fundi. Fundi naye, mwanamume asiyenihusu, hakuruhusiwa kuingia uani kwangu. Spana zilikuwa uvunguni kwa shemeji, Kongowe. Walinipa mtihani huku wameshika kalamu yangu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilikwenda uani nikafungua boneti. Aliyekuwa akinilinda kwenye eda ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyetoka Kisarawe kwa kazi hiyo tu. Mwanamke mfupi, mkali, ambaye alinihesabia siku zangu kwa punje za mahindi kwenye kikombe. Alinifuata akiwa ameshika kiuno.

"Weye mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Naangalia, Shangazi."

Nilivuta kijiti cha kupimia oili. Kikatoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Nikakifuta kwa jani la mgomba, nikakirudisha, nikakivuta tena. Chai ya maziwa. Rediata nilipoifungua ilikuwa kavu hata mjusi angeweza kulala ndani.

Yaliyotokea alinieleza jirani yangu, mwanamke mwenzangu aliyekuwa amepanda nyuma juu ya kuni siku ile. Gari lilichemka kwenye mwinuko, shemeji akasimama, akaomba maji nyumba ya karibu, akafunua boneti na kufungua kifuniko cha kwanza alichokiona, kile cha oili. Akamimina kopo baada ya kopo, akiwaambia waliokuwepo kwamba gari hili lina kiu kwa sababu halikutunzwa. Likaenda kidogo, likaanza kugonga, likazima. Jirani hakujua kama ni kosa. Aliona mwanamume anafanya kazi kwa uhakika, akanyamaza.

Kwa hiyo injini haikuwa imekufa. Ilikuwa imenyweshwa. Lakini maji yakikaa ndani ya chuma hula, na nilikuwa nimebakiwa na karibu miezi mitatu. Ilibidi yatoke, na oili yote pamoja nayo. Kwa kawaida unaingia chini ya gari, unafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, uchafu wote unamwagika. Mimi sikuwa na spana ya kufungulia, sikuwa na jeki, na matairi yalikuwa yamelala kiasi kwamba chini ya gari angepita paka tu. Tena Shangazi alishaapa kwamba mjane hatalala chali uani na miguu yake nje wakati yeye yuko hai.

Ndipo nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Soga, na huko palikuwa na injini moja iliyojengewa saruji mpaka nati yake ikafunikwa. Baba alikuwa akiitoa oili kwa juu, kwa kuinyonya kupitia tundu la kijiti. Alichukua pampu ya baiskeli, akaifungua, akaigeuza ile ngozi ya ndani ikaangalia upande wa pili. Pampu ikigeuzwa ngozi haijazi tena, inavuta. Nilikuwa binti mdogo na nilishika mpira mara nyingi.

Nilimweleza Shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anakwenda kuuliza. Alikwenda kwa mke wa mwalimu wa madrasa ili aulize kwa mumewe kama mjane anaruhusiwa kazi hiyo. Jibu lilirudi siku ya tatu kwamba eda haikumkataza mwanamke kazi za ndani ya nyumba yake. Shangazi hakutosheka, akarudi kuuliza kama uani ni ndani ya nyumba. Uani ni ndani ya nyumba. Akarudi mara ya tatu kuuliza kama injini ni kazi ya nyumba, na mwalimu, nadhani amechoka, akajibu kwamba hiyo inategemea nyumba.

"Haya," alisema Shangazi. "Lakini nitakuwepo kila dakika. Asije mtu akasema."

Pampu ilikuwa ya baiskeli ya marehemu. Mpira mwembamba nilipewa na muuguzi aliyekuja kunipa pole, mpira wa dripu, na nilimwambia wazi wa nini. Chombo cha kupokelea nilianza na dumu la plastiki. Nilivuta pampu mara nne, dumu likajikunja na kubonyea kama muhogo uliooza, na oili haikusogea. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kicheko cha kwanza nyumba ile tangu msiba. Ilibidi kupata chupa nene. Yeye alikuwa nayo, chupa la kioo la galoni moja alilokuja nalo limejaa asali ya Kisarawe. Tulibishana siku nzima kuhusu asali ile. Mwishowe aliimimina kwenye masufuria huku ananung'unika majina ya nyuki, kana kwamba anamjua kila mmoja.

Kizibo nilikikata kwenye soli ya kandambili, nikakitoboa matundu mawili kwa msumari wa moto. Tundu moja mpira unaokwenda kwenye injini, tundu la pili mpira unaokwenda kwenye pampu. Kandokando nikaziba kwa nta ya nyuki wa Shangazi.

Oili ilikuwa nzito. Kuwasha injini ipate moto haikuwezekana, kwa hiyo nilichukua chetezo changu, kile cha kufukizia udi, ambacho kwenye eda hakikuwa na kazi, nikakitia makaa na kukisukuma kwa fimbo mpaka chini ya sampu, mbali na tangi la petroli. Shangazi alifumba macho. Chetezo kile nilipewa siku ya harusi yangu.

Kisha tukaanza. Kazi ile haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mimi navuta mpini, Shangazi anaachia mpira. Mimi nasukuma mpini, Shangazi anaubana mpira kwa vidole ili hewa isirudi chupani. Akichelewa kubana, tunaanza upya. "Bana," nasema. "Achia. Bana. Achia." Mwanzo alikuwa anachelewa kwa sababu alikuwa anaomba dua huku anabana. Nilimwambia achague moja. Alinitukana kwa Kizaramo, matusi ya kizee ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utoto, akaacha dua, na kazi ikaenda.

Kitu cha kwanza kilichopanda kwenye mpira ule kilikuwa maji. Ncha ya mpira ilifika chini kabisa ya sampu, na maji hukaa chini ya mafuta. Yalikuja machafu, yakadondoka chupani, kopo zima, makopo mawili. Shangazi aliinama akayanusa.

"Haya ndiyo aliyotia shemeji yako?"

"Ndiyo."

"Na akasema marehemu hakutunza."

"Ndiyo."

Tangu hapo hakuchelewa kubana hata mara moja.

Tulifanya kazi mchana wa siku tatu, maana mpira ule ni mwembamba na mkono una kikomo. Nguo zangu nyeupe nilizifunika kwa gunia. Baada ya maji ikaja ile chai ya maziwa, nzito, na baada yake ikawa hakuna kitu, pampu ikavuta hewa tupu na kukoroma.

Sasa ikabaki oili mpya. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Oili haikuonekana dukani, na ikionekana ilitaka kibali. Lakini mjane wa eda ana kitu kimoja ambacho wengine hawana. Watu humletea. Kila Ijumaa wanawake walikuja kunitazama na unga, na kibaba cha mchele, na sukari waliyoinyima midomo ya watoto wao. Ijumaa moja niliwaambia.

"Jamani, ahsanteni sana. Kuanzia leo msiniletee sukari. Nileteeni oili ya gari."

Walitazamana. Mmoja aliuliza kama nimechanganyikiwa. Nikawaeleza maji yalivyoingia, na nani aliyatia, na wazee walivyoamua. Wanawake wale wana waume na kaka na mashemeji. Hawakuhitaji maelezo marefu. Visiga iko kwenye Barabara ya Morogoro, malori yanalala hapo, na madereva wa malori wanakula kwa mama ntilie. Ijumaa iliyofuata zilianza kuingia chupa chini ya khanga, nusu chupa, robo chupa, kopo la maziwa lililojaa mpaka juu. Mama mmoja mzee wa Soga alitembea na kichupa kisichozidi cha dawa ya kikohozi. Nilimwambia ahsante mara tatu.

Nilitia lita mbili za kwanza, nikazungusha feni ya injini kwa mkono mpaka vidole vikachubuka, ili isafishe ndani, kisha tukaivuta yote nje tena kwa pampu. Shangazi aliona ni dhambi. Ikatoka kijivu. Nikatia nyingine, nikavuta tena. Mara ya tatu kijiti kilitoka na rangi ya asali, na hapo nilikaa chini kwenye mchanga, na gunia langu, nikalia kwa sauti. Nilimlilia mume wangu vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile dirishani.

Siku ya kutoka eda walinikogesha alfajiri, wakanivisha khanga mpya, wakasoma dua. Saa nne wazee walikuwa uani, wamekaa kwenye mikeka. Shemeji alikuja na trekta la kuazima na mnyororo. Alikuwa ameshamwahidi mtu ule mlango mzima.

Betri ilikuwa imekufa, na hilo nililitarajia. Niliwaambia wanawake, wale wale wa Ijumaa, nao wakakunja khanga zao wakashika nyuma. Matairi yalikuwa yameshajazwa, kwa pampu ile ile, ngozi yake imerudishwa ilivyokuwa, na rediata nilikuwa nimeijaza maji. Nikakaa kwenye usukani, gia ya pili, mguu kwenye klachi. Walisukuma kutoka uani mpaka njiani, wakipiga kelele. Nikaachia klachi. Pikapu ikashtuka, ikakohoa moshi mweupe mwingi, ikashika. Nilizunguka mpaka kwenye mwembe wa jirani nikarudi nayo, nikaiacha inaunguruma mlangoni pa uzio. Haikugonga hata kidogo.

Vigelegele vilipokwisha, shemeji alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Wazee wangu. Injini hii ilikuwa imekufa, mashahidi mpo. Imefufuliwa na fundi, na fundi ni mwanamume. Mwanamume ameingia uani kwa mjane wa ndugu yangu, ndani ya eda. Mimi sizungumzi tena habari ya gari. Nazungumza habari ya heshima ya marehemu."

Nilijua alichokuwa anakifanya. Akishinda hilo, asingechukua pikapu tu. Angenitoa kwenye nyumba na angewachukua binti zangu, nami ningerudi Kisarawe na jina lisilosafishika. Nilisema, "Injini haikufa. Wewe ulitia maji kwenye tundu la oili, na mimi nimeyatoa." Wazee waliniangalia kwa namna ambayo siisahau. Walitaka kuniamini lakini hawakuweza kuipata picha kichwani. Mzee mkubwa akauliza, taratibu, "Mwanangu, kwa mkono gani?"

Shangazi alikuwa amekaa nyuma ya wanawake. Miezi ile yote aliwahi kusema mara ngapi kwamba kazi ile ni aibu, sikumbuki. Aliinuka, akapita katikati ya mikeka ya wanaume, jambo ambalo yeye mwenyewe angemfukuza mwanamke mwingine kwa kulifanya, akasimama mbele ya mzee mkubwa na kunyoosha mikono yake miwili. Kidole gumba na cha shahada, kulia na kushoto, vilikuwa vyeusi. Oili ilikuwa imeingia kwenye mistari ya ngozi na chini ya kucha, na sabuni ya wakati ule haikuweza kuitoa.

"Mwanamume mnayemtafuta ni mimi," alisema. "Niulizeni mimi."

Mzee mkubwa aliishika mikono ile, akaigeuza, akainusa. Kisha akamwambia shemeji akae chini.

Shemeji hakukaa. Alitoka akasimama njiani, mbele ya pikapu, mnyororo mkononi, kana kwamba bado palikuwa na jambo la kusema. Mimi nilipanda. Shangazi alipanda kushoto, wanawake wakajaa nyuma na madumu yao matupu, kwa sababu walikuwa wamenisukuma na walitaka kupelekwa Mlandizi. Niliweka gia ya kwanza. Sikupiga honi. Niliachia klachi, nikaenda, na shemeji akapisha.